Nani Aanze Kusalimu? Umri, Cheo na Salamu kwa Mwanafunzi Mtu Mzima Kutoka Katanga Huko Dar es Salaam

Kiswahili hakina tu na vous. Aliyepita katika shule zetu, ambako Kifaransa kilimzoeza tangu utotoni kwamba mkubwa huambiwa vous na rafiki huambiwa tu, hudhani kwamba lugha isiyo na tofauti hiyo ni lugha nyepesi upande wa heshima. Wewe ni wewe, basi. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba heshima haikukosekana katika Kiswahili. Imekaa mahali pengine, na anayeitafuta katika viwakilishi vya nafsi hataiona. Imekaa katika salamu na katika majina ya kuitana. Tena kuna mtu mmoja ambaye kwake mahali hapo pana mitego mingi kuliko kwa wengine: mtu mzima anayerudi masomoni akiwa mgeni, katika nchi ambayo lugha yake anaijua, au anadhani anaijua.

Tumemchagua mwanafunzi huyo kwa sababu mbili. Kwanza, tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, walimu wengi wa Katanga na Kivu wanazungumza habari ya kwenda Tanzania kuongeza masomo, na wengi wao si vijana. Pili, isimujamii hupenda hali ambapo kanuni mbili zinagongana. Mwanafunzi mwenye miaka 20 hasumbui kanuni yoyote: ni mdogo kwa umri na mdogo kwa cheo, kwa hiyo anasalimu kila mtu aliye mbele yake na mambo yanakwisha. Mwanafunzi mwenye miaka 45 ni mkubwa kwa umri na mdogo kwa cheo. Mbele ya mwalimu mwenye miaka 30, nani aanze kusalimu?

Mifano yetu karibu yote imetoka kwa mtu mmoja, mama yangu mdogo. Alifundisha Kifaransa katika sekondari za Likasi kwa miaka 17, watoto wake wakakua, akaomba nafasi ya shahada ya uzamili ya Kiswahili huko Dar es Salaam, akaipata. Kwa miezi minane alinitumia sauti kwa simu karibu kila jioni. Ameniruhusu kuziandika, kwa sharti nisitaje jina lake wala la chuo chake. Data ya mtu mmoja ni data ndogo. Haiwezi kutuambia Wakongo wote hufanya nini. Inaweza kutuonyesha mahali pa kuchimba.

Umri na cheo

Mwaka 1960 Roger Brown na Albert Gilman waliandika makala ambayo kila mwanafunzi wa idara yetu ameisoma au amejifanya kuisoma, kuhusu viwakilishi vya mamlaka na vya mshikamano katika lugha za Ulaya. Wazo lao ni rahisi. Namna ninavyokuita inabeba vitu viwili kwa pamoja: nani yuko juu ya mwenzake, na je, sisi ni wa kundi moja au hapana. Vous inaweza kumaanisha «wewe ni mkubwa» na inaweza kumaanisha «sikujui». Tu inaweza kuwa upendo na inaweza kuwa dharau. Wazo hilo linatufaa, ila kwa Kiswahili tunapaswa kuondoa jicho kwenye kiwakilishi na kuliweka penye salamu.

Tuangalie kwanza nyumbani. Huku Lubumbashi na Likasi asubuhi tunasema jambo. Tukitaka kumheshimu mtu tunaongeza: jambo papa, jambo mama, jambo sana. Kwa mkubwa tunasema pia jambo yenu, hata kama yuko peke yake. Hiyo yenu ni wingi wa heshima, na haikutoka kwa vous peke yake. Lugha za wenyeji zinazotuzunguka nazo humwambia mkubwa kwa wingi. Mtu wa Dar es Salaam akisikia jambo yenu hugeuka nyuma kuangalia ni nani mwingine amesimama pale.

Katika chuo chetu cheo hushinda umri, na hushinda kabisa. Mwalimu akiingia darasani wote wanasimama, hata yule baba wa watoto sita anayekaa safu ya nyuma. Anayeitwa asistanti anaitwa asistanti, aliyepanda kuwa chef de travaux ataudhika ukimshusha, na profesa ni profesa. Baba wa watoto sita atamwambia «jambo asistanti» kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe, na hakuna anayeona ajabu. Nje ya lango la chuo, sokoni, kijana huyo huyo atamwambia «jambo papa». Lango ndilo linalobadilisha kanuni, na kila mtu anajua lilipo.

Sasa Dar es Salaam. Huko salamu ya heshima ni shikamoo, na jibu lake ni marahaba. Wengi huieleza kuwa imetokana na «nashika miguu». Asili yake ya utumwani hubishaniwa sana mitandaoni na sitaingia humo. La muhimu kwetu ni jinsi inavyofanya kazi. Shikamoo hutoka chini kwenda juu tu. Haiwezi kurudishwa kwa shikamoo, kama vile sisi tunavyorudisha jambo kwa jambo. Aliye mdogo huitoa, aliye mkubwa huipokea, na kipimo cha kwanza ni umri. Cheo hakikosi nafasi, lakini mara nyingi cheo huwekwa ndani ya jina la kumwita mtu: mwalimu, dokta, profesa. Kwa maneno mengine, sisi tumeweka umri na cheo katika chungu kimoja, na lango la chuo linaamua kipi kielee juu. Wenzetu wana vyungu viwili: salamu kwa umri, jina kwa cheo.

Sisemi kwamba kila Mtanzania hufanya hivyo kila siku. Vijana wa mjini huitana kwa mambo na poa, na wako watu wenye vyeo wanaosubiri shikamoo hata kutoka kwa wanaowazidi umri. Hata hivyo tofauti ya vyungu ipo, na ndiyo iliyomwangusha mama mdogo katika wiki yake ya kwanza.

Shikamoo iliyokosa jibu

Mwalimu wake mmoja alikuwa kijana. Walikutana kwenye ngazi, kijana akamwambia: «Shikamoo mama.» Nanukuu sauti ya jioni ile kama ilivyo, kwa Kiswahili chetu: «Ule mwalimu eko sawa na mudogo yangu wa mwisho, lakini eko mwalimu. Sasa miye nimuitike namna gani? Nikasema jambo, mwalimu. Akaniangalia tu, akaenda.»

Tukitazama kwa jicho la mama mdogo, hakufanya kosa lolote. Alimpa kijana cheo chake, mwalimu, na salamu inayofaa kwa mkubwa. Kusema marahaba kwake ilikuwa ni kukaa juu ya kiti cha mwalimu. Tukitazama kwa jicho la kijana, ametoa shikamoo na imebaki hewani. Kutoijibu ni kukataa mkono ulionyoshwa. Tena neno aliloletewa, jambo, lina bahati mbaya huko: Watanzania wenyewe huulizana hujambo na kujibu sijambo, na jambo tupu ni salamu ya kuwafurahisha watalii. Mama mzima, anayesomea Kiswahili, amemjibu kama Mzungu aliyeshuka kwenye ndege.

Wiki ile ile alifanya kinyume chake. Alikuwa ameambiwa na mwenye nyumba kwamba huku watu husema shikamoo, basi akaamua kuwa na adabu. Akamwamkia hivyo karani wa idara, msichana wa miaka 25 hivi. Msichana alicheka, kisha akakunja uso. Kwake ilikuwa kama ameitwa bibi kizee, au kama anafanyiwa mzaha.

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo madogo ya kuchekesha. Yangekuwa madogo kama yangeishia kwenye ngazi. Lakini uzamili wa huko unamtaka mwanafunzi aende mara kwa mara ofisini kwa msimamizi, agonge mlango, aombe kusomewa sura, aulize. Mama mdogo aliacha kwenda. Hakukosa maswali, kwa maana maswali alikuwa akiniuliza mimi usiku. Alikosa sentensi ya kwanza ya kusema mlango ukifunguliwa. Kwa wiki sita alikuwa akipita mbele ya ofisi ile na kurudi maktaba. Ada ya muhula alikuwa amekwisha kulipa kwa fedha ya kiwanja alichokiuza Likasi, na tarehe ya kutoa andiko la utafiti ilikuwa inasogea. Mtu wa miaka 20 akikwama hivyo, atamwuliza jirani wa kitandani hosteli. Yeye alikuwa amepanga chumba peke yake, mbali, kwa sababu hosteli ni za vijana.

Ukuta uliojengwa kwa heshima

Upande wa wanafunzi wenzake mambo yalikuwa mazuri mno, na hapo ndipo penye shida ya pili, ambayo naona ni nzito kuliko ya kwanza. Wote walimpa shikamoo. Walimpisha kiti. Walimbebea vitabu. Wao kwa wao walisema mambo, vipi, niaje, na wakapanga kazi za vikundi kwenye simu zao, lakini kwake ilikuwa shikamoo mama, na kimya. Kazi ya kikundi ikigawanywa, sehemu yake ilikuwa fupi kuliko zote, wasije wakamchosha. Sauti moja ya mwezi wa pili nimeisikiliza mara nyingi: «Hapa batoto bananiheshimia mupaka banasahabu kama niko mwanafunzi.»

Sentensi hiyo ina isimu yote ya Brown na Gilman ndani yake. Shikamoo inapima urefu, na kila ikitolewa inaongeza umbali. Anayeipokea siku nzima kutoka kwa wenzake anatolewa polepole katika kundi lao, kwa upole, bila mtu kumfukuza. Alichohitaji mama mdogo darasani ni mshikamano, na lugha ilikuwa ikimpa mamlaka asiyoyaomba. Wazee husema ukubwa ni jalala, kila takataka hutupwa hapo. Kwa mwanafunzi mtu mzima nadhani jalala hilo limejaa heshima.

Alijaribu kuwaomba wamwite dada. Hawakuweza. Mmoja alimwambia kwamba mama yake mzazi ana umri ule ule, na ulimi haukubali. Kisha vijana wakapata njia yao wenyewe, nayo ni njia ya kweli ya Kibantu: kati ya bibi na mjukuu kuna utani, basi wakaanza kumwita bibi kwa mzaha, hata kama umri haujafika. Kwao ilikuwa mlango wa ukaribu. Lakini kwetu Katanga bibi ni mke. Bibi yangu ni mke wangu, na bwana yangu ni mume wangu. Siku kijana wa miaka 23 alipotangaza mbele ya darasa, «Huyu ndiye bibi yetu wa kikundi», mama mdogo alichukua mkoba akatoka. Walimfuata mpaka kituo cha daladala wakimwomba radhi wasijue radhi ya nini.

Maneno ya ukoo ndiyo yenye visa hivyo zaidi, na sababu yake inaeleweka. Ni maneno ya nyumbani, hayakupita katika vitabu vya shule, kwa hiyo kila eneo limeyaweka kwa mujibu wa lugha za mama zake. Sisi tunasema yaya kwa ndugu mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Mtanzania na Mkenya wakisikia yaya wanaona mlezi wa watoto anayelipwa mshahara. Sisi tunasema nkambo kwa babu na bibi. Kwao kambo ni ile ya mama wa kambo, mke wa baba asiyekuzaa. Mama mdogo alimwita nkambo yule mwenye nyumba mzee, kwa mapenzi, naye akajibu kwamba yeye si mama wa kambo wa mtu yeyote. Nikikusanya jozi hizi katika daftari langu naona karibu zote ziko katika ukoo na ndoa, chache katika chakula, na karibu hakuna katika kazi za mikono. Jambo hilo linastahili utafiti wa mtu mwenye muda kuliko mimi.

Niko mwalimu

Kuhusu sarufi nitasema kidogo, maana limeandikwa sana na wataalamu wa Kiswahili cha Lubumbashi, akiwamo Johannes Fabian. Nachagua mambo mawili tu ambayo yalimgharimu mama mdogo alama.

La kwanza ni niko. Sisi tunasema niko mwalimu, eko mgonjwa, tuko Wakongo. Kiswahili sanifu kinatumia ni kwa kueleza mtu ni nani, na kinaiacha -ko kwa mahali: niko nyumbani. Siku ya kujitambulisha mama mdogo alisema niko mwalimu wa Kifaransa, na darasa likangoja aendelee, kana kwamba anataja mahali na bado hajafika.

La pili ni kiambishi -ak- cha mazoea. Tunafanyaka, walikuyaka, alisemaka. Katika insha yake ya kwanza kilipigwa mstari mwekundu mara kadhaa, na pembeni pakaandikwa kwamba hiki si Kiswahili. Hapa naomba kusimama kidogo. Wenzake waliokaa pembeni yake, wengi kutoka mikoa ya bara ya Tanzania, wakizungumza barazani husema nafanyaga, anasemaga, huwa nakuwaga na kazi. Hiyo -ga yao na -ka yetu ni ndugu wa tumbo moja. Wataalamu wa Kibantu hurudisha viambishi vya namna hii kwenye *-ag- ya Kibantu cha kale, na kinaonekana katika lugha nyingi kutoka Kisukuma mpaka kwetu. Kiswahili cha pwani ndicho kilichokipoteza na kuchukua hu- mahali pake. Kwa hiyo mwalimu ana haki kusema kwamba -ak- si ya Kiswahili sanifu, na katika insha ya chuo iondolewe. Hana haki kusema ni uharibifu. Mama mdogo aliponisikia nikimweleza habari ya *-ag- kwa simu alinyamaza kwa muda, akasema: «Kumbe si ujinga yetu.» Mwanamke huyu amefundisha watu kwa miaka 17.

Nasema hivi kwa kuwa hata katika fakulte yetu wapo wanaoita lugha tunayoongea nyumbani Kiswahili kibovu, na kile cha kanisani na shuleni Kiswahili bora, na wanamwandaa msafiri kwa kumwonea aibu kabla hajavuka Kasumbalesa. Mtu anayeamini kwamba lugha yake ni makosa matupu hawezi kujua ni wapi hasa inatofautiana na ya mwenzake. Atakaa kimya mahali pote. Anayejua kwamba ana kanuni mbili atabadilisha kama anavyobadilisha shati.

Majina ya vitu anavyovijua

Kuna kikwazo kimoja ambacho watu hawakitaji. Katika vyuo vya Tanzania masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na Mkongo aliyekwenda akidhani anakwenda nchi ya Kiswahili hupigwa na butwaa; ila anayesomea Kiswahili chenyewe hufundishwa kwa Kiswahili na kuandika tasnifu yake kwa Kiswahili. Mama mdogo alikuwa na bahati hiyo. Lakini isimu aliyoijua aliijua kwa Kifaransa. Swali la jaribio la kwanza lilitaka aeleze uambishaji na unyambulishaji wa kitenzi. Hakujua linauliza nini. Alama zake zilikuwa chini ya nusu. Nilipomwonyesha kwamba kauli ya kutendesha ndiyo causatif, kutendana ndiyo réciproque, kirai ni syntagme na kiima ni sujet, aliandika ukurasa mzima wa jozi kwa jioni moja, na jaribio la pili lilikwenda vizuri. Elimu ilikuwamo kichwani tangu zamani, ikilala chini ya majina mengine. Kijana hujifunza jina na kitu kwa pamoja. Mtu mzima ana kitu tayari, na jina jipya humfanya adhani hata kitu hana.

Neno lililomsumbua zaidi, hata hivyo, lilikuwa la kwetu wenyewe: licence. Alipomaliza masomo huku, miaka 3 ya graduat na miaka 2 mbele yake, licence ilimaanisha miaka mitano. Tangu mfumo wa LMD ulipoanza kwetu mwaka 2021-2022, licence ni miaka mitatu. Neno limebaki, maana imehama. Vyeti vya nje huko hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na aliyeshika karatasi ya zamani anapaswa kueleza, kwa tafsiri na kwa barua, kwamba licence yake si licence ya wadogo zake. Wanafunzi vijana hawana kazi hiyo. Kibali cha kuishi cha daraja C wanakipanga foleni pamoja naye, lakini karatasi zao zinajieleza zenyewe.

Lugha ya vijana wa chuo nitaipita haraka. Sapu ni mtihani wa kurudia, kile tunachokiita sisi kikao cha pili; kudisko ni kufukuzwa kwa kushindwa; desa ni karatasi za kunakili za somo, karibu na silabusi yetu ila silabusi huuzwa na mwalimu. Mama mdogo aliyajua yote katika mwezi mmoja na hakuyatumia hata siku moja. Alisema mtu wa umri wake akisema desa atafanana na mtu aliyevaa sare ya shule. Naona alikuwa sawa. Kuelewa msimbo na kuutumia ni haki mbili tofauti, na umri hutoa ya kwanza bila ya pili.

Sentensi ya kwanza mlangoni

Turudi kwenye ofisi aliyokuwa akiipita. Njia aliyoipata haikutoka katika kitabu. Alianza kusikiliza wanafunzi wengine watu wazima, Watanzania, walimu wa sekondari waliorudi kusoma kama yeye, wanapogonga mlango wa mwalimu anayewazidi cheo na wanayemzidi umri. Niliomba anukuu kila salamu kwa siku kumi. Tulipopanga orodha, tuliona karibu wote wanafanya jambo moja: wanawahi. Kabla mwalimu hajapata nafasi ya kutoa au kutotoa shikamoo, mwanafunzi anasema habari za kazi, mwalimu, au habari za asubuhi, dokta. Habari haina juu wala chini. Inaulizwa na yeyote kwa yeyote na kurudishwa kwa nzuri. Kisha cheo kinakuja nyuma yake katika jina la kumwita. Chungu cha umri kinafunikwa, chungu cha cheo kinafunguliwa, na wote wawili wanaingia ndani bila mtu kushushwa. Na kama kijana amewahi na shikamoo yake, wanajibu marahaba, mwalimu, kwa pumzi moja: marahaba kwa umri, mwalimu kwa cheo. Maneno mawili, kila moja katika chungu chake.

Marahaba, mwalimu. Kwa Kiswahili cha Likasi sentensi hiyo haiwezekani, na ndiyo maana hakuna mtu ambaye angemfundisha huku. Mama mdogo aliifanyia mazoezi kwenye simu, mimi nikiwa mwalimu. Mara za kwanza alicheka katikati. Jumatatu iliyofuata aliingia ofisini akakaa dakika arobaini, na akatoka na sura yake imeandikwa maelezo kila ukurasa.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa idara ni dogo na linagharimu saa chache. Kozi ya Kiswahili sanifu tunayopewa huanza na ngeli na kuishia na ngeli. Iongezwe sehemu ya salamu na majina ya kuitana, pamoja na jozi za maneno ya ukoo zinazodanganya, na orodha ya istilahi za isimu kwa Kifaransa na Kiswahili. Wanaofikiria kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi wapewe sehemu hiyo kwanza, na wenye umri mkubwa wasiunganishwe na vijana katika mazoezi ya salamu, kwa sababu nafasi zao katika mazungumzo hazifanani.

Limebaki swali ambalo data yangu haina. Mama mdogo yuko mwaka wa pili sasa. Akimaliza anataka kufundisha hapa, katika fakulte hii, ambapo wawili kati ya waliokuwa wanafunzi wake wa sekondari Likasi ni maasistanti tayari. Ataingia akiwa chini yao kwa cheo na juu yao kwa umri na kwa ualimu wa zamani, katika chuo ambacho kina chungu kimoja tu. Ameniambia hatatumia shikamoo, maana hapa haina mwenyewe. Nimeanza kuandika jinsi watu wazima wa promosyo yetu wanavyosalimiana na walimu vijana kwenye korido, nani anaanza na kwa neno gani, nipate cha kulinganisha siku atakayofika.